Bei ya Nyumba Mpya Haishuki, Ploti Ndiyo Hupungua

Tarehe 14 ya kila mwezi, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, hutangaza bei ya mafuta, na kabla ya saa sita usiku kila Mkenya mwenye simu anajua lita itauzwa ngapi Nairobi, ngapi Mombasa na ngapi Mandera. Bei ya unga tunaijua bila kuuliza. Bei ya dola tunaisoma asubuhi. Lakini nyumba, kitu ghali kuliko vyote ambavyo wengi wetu tutanunua maishani, haina wa kuitangazia bei. Kuna bango kando ya barabara, kuna namba ya simu, na kuna kijana mpole atakayekwambia kwamba bei "inaanzia" mahali fulani.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifuatilia bei za nyumba mpya za kusimama peke yake katika viunga vya Nairobi. Fleti siziandiki. Naandika bangalo na maisonette zenye ua wake, ukuta wake na hati yake, zile zinazoota kwa safu Kitengela, Syokimau, Ruiru, Juja, Ngong na huko Barabara ya Kangundo kuanzia Kamulu hadi Joska. Kazi hii nilipewa na dada yangu mkubwa anayefanya kazi Muscat. Alitaka nyumba ya vyumba vitatu, "isiyo na mtu juu wala mtu chini", na kwa kuwa mimi ndiye niliye karibu, ikawa jukumu langu. Mimi ni mtoto wa Kisauni niliyeletwa Nairobi na ajira. Hata Kamulu sikujua iko upande gani. Sasa naijua hadi mahali gari linapokwama mvua ikinyesha.

Jedwali langu la kwanza lilikuwa na safu nne: mahali, vyumba, bei na tarehe. Kila nilipoona tangazo niliandika, na baada ya muda nilirudi kuangalia tangazo lile lile. Safu ya bei ilikuwa imelala. Picha ile ile, nyasi zile zile za kijani kibichi za kompyuta, bei ile ile. Robo mwaka ikapita, mwaka ukapita, shilingi ikaanguka na kuinuka, riba zikapanda, na tangazo halikutikisika. Ungesema soko limekufa, ila kila Jumamosi magari ya kampuni hizi yanajaza watu mjini na kuwapeleka kuona nyumba bila nauli, na soda juu yake.

Jumamosi moja nilipanda gari kama hilo. Kijana aliyetutembeza alikuwa na fulana ya kampuni na kipaza sauti kidogo.

"Bosi, bei ni ile ile ya mwaka jana. Hatujaongeza hata shilingi."

"Na ploti ni ile ile pia?"

"Ploti ya awamu hii ni 40 kwa 80. Lakini tumeweka kabro hadi mlangoni."

Mwaka uliotangulia, katika mtaa huo huo, ploti zilikuwa 50 kwa 100. Ukiwa na kikokotoo: futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, na 40 kwa 80 ni 3,200. Asilimia 36 ya ardhi imetoweka, kijana wetu anatabasamu, na bei ni ile ile. Kwenye jedwali langu la safu nne, hakuna kilichotokea. (Tukiwa hapo: hiyo 50 kwa 100 wauzaji huiita thumuni ya ekari, na thumuni ya kweli ni futi za mraba 5,445. Nchi nzima tumekubaliana kufumba jicho kuhusu hilo.)

Baada ya ziara ile niliacha kufuatilia bei peke yake na kuanza kuifuatilia nyumba. Nina hakika kwamba kwa nyumba mpya za namna hii, bei iliyoandikwa ni kitu cha mwisho kubadilika. Kabla haijaguswa, kila kitu kilicho karibu nayo hubadilishwa kwanza: ardhi, ukubwa wa jengo, umaliziaji, masharti ya malipo, na nani analipa gharama gani. Anayetazama namba ya kwenye bango atakwambia bei zimetulia wakati ambapo zimepanda au zimeshuka kwa milioni nzima.

Wanaojenga wana sababu zao za kutogusa bei ya bango, na si kiburi. Chukua mtaa wa nyumba arobaini, nusu zimeuzwa. Siku kampuni itakapobandika bei ya chini, wale ishirini wa kwanza wataamka na kikundi chao cha WhatsApp kitawaka moto. Baadhi yao bado wanalipa kwa awamu. Atakayekuwa amelipa theluthi ataanza kuuliza kwa nini amalizie bei ya zamani. Kisha kuna wathamini wa benki, ambao wakija kukadiria nyumba hutazama jirani zake ziliuzwa ngapi. Ukiuza moja kwa bei ya kutupa, umejitengenezea ushahidi dhidi ya zile zilizobaki. Na kuna wanunuzi wenyewe. Sisi tumelelewa tukiambiwa kwamba ardhi haishuki bei. Mtu akiona nyumba imepunguzwa hadharani, hasemi "nimepata nafuu". Anauliza kama kuna kesi mahakamani, au kama ile hati ni ya barabara.

Basi punguzo hutolewa kwa mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma unaopendwa zaidi ni muda wa kulipa. Tuseme nyumba ni milioni 10. Mwaka jana uliambiwa ulipe zote ndani ya siku 90. Mwaka huu unaambiwa weka amana ya asilimia 20, iliyobaki ulipe kidogo kidogo kwa miezi 24 bila riba. Bango bado linasema milioni 10. Lakini kama pesa zako zingeweza kukupatia asilimia 13 kwa mwaka kwingineko, na mapema 2024 hati za serikali za siku 91, yaani mkopo wa muda mfupi unaoipa serikali, zilikuwa zikilipa zaidi ya 16, basi zile milioni 8 za awamu zina thamani ya leo ya kama milioni 7. Nyumba umeuziwa milioni 9. Hilo ni punguzo la asilimia 10 ambalo halimo kwenye tangazo lolote, na fahirisi yoyote, yaani kipimo cha mwenendo wa bei, inayosoma matangazo haitaliona. Kinyume chake pia hutokea: soko likichangamka, miezi 24 inakuwa 12, kisha 6, na bei imepanda bila mtu kupanda ngazi kubadilisha bango.

Umaliziaji nao ni uwanja mpana. Chumba cha mfanyakazi nyuma ya nyumba kilikuwa ndani ya bei, sasa ni "hiari". Makabati ya jikoni yalikuwa ya mbao, sasa ni ya ubao wa kushindiliwa. Paa lilikuwa la vigae, sasa ni mabati yenye rangi ya vigae. Upande wa pili, mauzo yakizorota utaona zawadi zikimiminika: mtambo wa sola wa kuchemsha maji, tangi la lita elfu kumi, ukuta wa umeme, na ada ya wakili "juu yetu". Kuna kampuni hujitolea kulipa ushuru wa stempu, ambao kwa ardhi ya mjini ni asilimia 4 ya thamani na ya vijijini asilimia 2. Kwa nyumba ya milioni 10 ya mjini, hizo ni shilingi 400,000, punguzo kamili ambalo limevishwa kanzu ya ukarimu.

Ukubwa wa jengo ndio unaonichosha kuliko vyote. Namba ya futi za mraba kwenye karatasi ya mauzo wakati mwingine inajumuisha baraza, wakati mwingine gereji, na nimeona moja iliyojumuisha paa la gari ambalo ni vyuma vinne na karatasi ya plastiki. Siku hizi naomba ramani ya ujenzi na kupima vyumba vyenyewe. Wauzaji hawapendi. Asiyetaka kunipa ramani simwandiki, na kutoandikwa kwake nako ni habari.

Haya ninayoyafanya kwa mkono, wenye taaluma huyafanya kwa hesabu. Kuna njia kubwa mbili za kufuatilia bei za nyumba duniani, na moja haitufai kabisa. Hiyo ni ile ya kulinganisha nyumba ile ile ilipouzwa mara ya kwanza na ilipouzwa tena. Fahirisi ya Case-Shiller ya Marekani imejengwa hivyo, na kwa sababu hiyo nyumba mpya hazimo ndani yake: nyumba mpya imeuzwa mara moja tu, hakuna cha kuilinganisha nacho. Njia ya pili ni kuvunja nyumba katika sifa zake, vyumba, ukubwa, ardhi, mahali, na kukadiria kila sifa inachangia kiasi gani katika bei, halafu kuuliza nyumba yenye sifa zile zile ingeuzwa ngapi leo. Ofisi ya sensa ya Marekani imekuwa ikifanya hivyo kwa nyumba mpya za familia moja, na takwimu zake zinarudi nyuma hadi miaka ya 1960. Nyumba ikipungua ukubwa, hesabu inajua.

Kwetu Kenya tuna vipimo viwili vinavyotajwa sana magazetini, na vikitofautiana watu hudhani mmoja anadanganya. Havipimi kitu kimoja.

Cha kwanza ni cha HassConsult, kampuni ya mali isiyohamishika, ambacho takwimu zake zinaanzia mwaka 2000 na hutoka kila robo mwaka. Kinatenganisha nyumba za kusimama peke yake, zile za kupakana ukuta, na fleti, na kinatazama mitaa ya jiji na miji ya pembeni kila mmoja kwa jina lake: Juja, Ruiru, Kitengela, Ngong, Athi River na mingine. Hilo ni jambo jema sana kwa mtu kama mimi. Lakini kinasoma bei zinazoitishwa, si zile zilizolipwa. Kati ya kuitisha na kulipa pana bahari, na kina chake hubadilika na majira. Ripoti zake za baada ya 2020 zimesema mara nyingi kwamba nyumba za kusimama peke yake zinapanda kuliko fleti, na ninaloliona barabarani linakubaliana nazo, kwa upande wa kuitisha walau. Watu waliofungiwa ndani na watoto wakati wa korona waligundua thamani ya ua.

Cha pili ni cha Chama cha Mabenki Kenya, KBA, kilichozinduliwa 2015 huku robo ya kwanza ya 2013 ikiwa ndio msingi wake. Hiki kinatumia ile njia ya kuvunja nyumba katika sifa, na kinatokana na nyumba ambazo benki zimezikopesha, kwa hiyo kiko karibu zaidi na pesa halisi. Tatizo ni wingi. Mikopo yote ya nyumba katika mabenki ya Kenya ni kama 30,000, katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Nyumba nyingi za viungani hununuliwa kwa taslimu, kwa chama cha akiba, kwa awamu za kampuni yenyewe, au kwa pesa za mtu aliye ng'ambo. Benki haizioni. Na hata katika zile zinazoonekana, fleti zimetawala miaka ya karibuni, kwa hiyo bangalo la Joska linapiga kelele likiwa nyuma kabisa ya ukumbi. Isitoshe, kipimo hiki kimegawa maeneo katika kanda tatu zisizofuata ramani. Kitengela na Mtwapa ya huko pwani zimewahi kuwa kanda moja. Kwa benki inayopima hatari ya mikopo, hilo lina maana. Kwa dada yangu anayechagua kati ya Kitengela na Mtwapa, halimsaidii hata kidogo.

Kinachokosekana ni daftari la wazi. England na Wales, idara ya usajili wa ardhi huchapisha bure bei ya kila nyumba iliyouzwa tangu Januari 1995, na kila mstari una alama ya kuonyesha kama nyumba ni mpya au imeshawahi kuuzwa. Mtu anakaa kitandani anasoma jirani alilipa ngapi. Hata huko nyumba mpya zinasumbua, kwa maana usajili wake huchelewa na takwimu zake hurekebishwa kwa miezi mingi baadaye, lakini mwishowe hujulikana. Sisi tunaweza kulipia utafutaji wa hati, na tangu Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni, ilipozinduliwa 2021 mambo ya Nairobi yamehamia kwenye intaneti, ila utakachopata ni mwenye ardhi na kama kuna mkopo juu yake. Bei ya jirani haimo.

Na tuseme siku moja daftari hilo lifunguliwe. Sidhani namba zake zitakuwa safi mara moja. Ushuru wa stempu unafuata thamani, na tangu Januari 2023 kodi ya faida ya mauzo ya mali imepanda kutoka asilimia 5 hadi 15. Muuzaji na mnunuzi wote wawili wana kishawishi cha kuandika bei ndogo kwenye mkataba, na ndiyo sababu serikali hutuma mthamini wake. Nasema hivi kwa sababu kila mara nikilalamika kuhusu bei za kuitisha, kuna rafiki mmoja wakili hunijibu kwamba bei zilizosajiliwa nazo zina hadithi yao.

Sasa turudi Muscat, maana huko ndiko nilikopata somo ambalo bango lolote la Nairobi lisingenipa.

Tuchukue mfano. Nyumba ilizinduliwa Januari 2022 kwa milioni 10, na mapema 2025 inaitishwa milioni 11. Muuzaji anasema imepanda asilimia 10, na anakuonea huruma kwa kuchelewa. Lakini mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 8 mwaka 2022, karibu hivyo tena 2023, na kama 4.5 mwaka 2024. Ukizidisha miaka hiyo mitatu, milioni 10 za mwanzo ni zaidi ya milioni 12 za mwisho. Kwa anayelipwa mshahara wa shilingi uliokwenda sambamba na bei za sokoni, nyumba ile imekuwa nafuu kwa karibu asilimia 9. (Mshahara wenyewe kama ulikwenda sambamba ni mjadala mwingine, na walimu wana majibu yao.)

Dada hakulipwa kwa shilingi. Riali ya Oman imefungwa kwa dola, kama zilivyo sarafu nyingi za Ghuba, kwa hiyo kwake yeye nyumba ya Kenya ina bei mbili, ya bango na ya benki anayobadilishia pesa. Januari 2024 dola ilikuwa imevuka shilingi 160. Nyumba ya milioni 11 ilimtaka riali kama 26,400. Miezi michache baadaye dola ilikuwa imerudi chini ya 130, na nyumba ile ile, tangazo lile lile, ikamtaka karibu riali 32,800. Zaidi ya riali 6,000 zimeongezeka na hakuna fundi aliyegusa tofali. Ilinibidi niongeze safu ya dola, na ilipokaa pale nikaanza kuelewa kwa nini mwanzoni mwa 2024 mawakala walikuwa na wateja wengi wa ng'ambo na wachache wa hapa. Wa hapa walikuwa wamebanwa. Benki Kuu ilipandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13 Februari ile, na mikopo ikawa haigusiki. Wa ng'ambo walikuwa wamefunguliwa mlango. Bei ya bango ikabaki katikati, imeshikiliwa na pande mbili zinazovuta tofauti.

Vitu vinavyosukuma bei kutoka chini ni vichache kuliko mawakala wanavyodai. Ardhi ndiyo kubwa, na ardhi hufuata barabara. Thika Road ilipokamilika 2012, Ruiru na Juja ziliacha kuwa safari. Stesheni ya reli ya SGR ilipofunguliwa Syokimau 2017, na ile barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ilipoanza kutumika 2022, kila tangazo la Syokimau na Athi River likaongeza sentensi moja ya dakika. "Dakika ishirini hadi Westlands." Huwa siziandiki hizo dakika. Nilichojifunza ni kwamba ardhi hupanda barabara inapotangazwa, si inapofunguliwa, na anayejenga aliyenunua ekari zake mapema anaweza kushikilia bei ya bango kwa muda mrefu bila kuumia. Aliyenunua amechelewa ndiye anayekata ploti kuwa 40 kwa 80. Kwa hiyo siku hizi naulizia ardhi ya mtaa ilinunuliwa lini. Jibu la swali hilo linanieleza mengi kuliko bei.

Vifaa ni hadithi fupi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka tozo ya asilimia 17.5 kwa klinka, malighafi ya saruji, na vyuma ghafi vinavyoagizwa kutoka nje, wakati ambapo shilingi ilikuwa inateleza, na saruji na nondo zikasikia. Shirika la takwimu, KNBS, lina fahirisi ya bei za vifaa vya ujenzi inayotoka kila robo. Naiweka pembeni ya jedwali. Haifuatani na bei za bango hata kidogo, na hilo halinishangazi tena. Inafuatana vizuri zaidi na kupotea kwa makabati ya mbao.

Kisha kuna udongo. Kitengela na Syokimau zina udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka, na msingi wa nyumba lazima uchimbwe hadi upite hapo. Nyumba mbili zenye ramani moja, moja Ruiru na moja Kitengela, hazina gharama moja ya chini ya ardhi, ambako mnunuzi haoni. Maji ya visima vya Kitengela na Athi River nayo yana chumvi; mtaa wenye mtambo wa kuyasafisha na mtaa usio nao haziwezi kuandikwa mstari mmoja. Nina safu ya udongo na safu ya maji. Nina safu ya hati pia, yenye majibu mawili tu: ipo, au inatoka. Nyumba yenye hati "inatoka" huuzwa kwa bei ya chini kidogo, na hiyo tofauti ni malipo unayopewa kwa kusubiri ugawaji wa hati mama, ile moja ya shamba zima kabla halijakatwa ploti. Kama utasubiri mwaka au miaka mitano, hakuna fahirisi itakayokwambia.

Majira nayo yapo, ingawa wengi huyasoma kinyume. Desemba, watu wa ng'ambo wakija likizo, matangazo hujaa neno ofa. Ukilinganisha na Oktoba, ofa nyingi ni bei zile zile na zawadi mpya. Machi na Aprili, mvua za masika zikianza, ndipo mazungumzo yanapokuwa laini, kwa sababu barabara ya kuingia mtaani inaonekana ilivyo na magari ya Jumamosi yanarudi nusu tupu. Dada alitaka kuja Desemba. Nilimwambia aje Aprili, na alete viatu vya mpira.

Safu iliyonisaidia kuliko zote niliigundua nikiwa nimechelewa kuondoka mtaa mmoja, nikisubiri mvua ikatike chini ya paa la mlinzi. Mzee yule aliniuliza kwa nini nanunua kwa kampuni wakati ile ya kona ya awamu ya kwanza inauzwa na mwenyewe. Nyumba mpya haina bei ya kuilinganisha nayo hadi mtu wa kwanza atakapojaribu kuiuza tena. Siku hiyo ndipo zawadi zote, miezi 24 na kabro, huondolewa mezani, na inabaki nyumba, ardhi na mtu anayehitaji pesa. Kampuni ikiwa bado inauza awamu ya tatu ya mtaa huo huo, mwenye nyumba wa awamu ya kwanza anashindana na mabango, magari na soda. Lazima aende chini yao. Umbali kati ya bei yake na bei ya bango ndio kipimo cha karibu zaidi nilichopata cha kujua bango limepanda kiasi gani juu ya soko. Katika mitaa mingine umbali huo ni mdogo, na hiyo naiwekea alama ya kijani. Katika mingine ni mkubwa kiasi kwamba huhitaji kupima chumba.

Mlinzi alinipa namba. Mwenye nyumba alikuwa amehamishiwa Nakuru kikazi, nyumba ilikuwa na miaka minne, ramani ile ile ya zile mpya zinazouzwa ng'ambo ya barabara ya ndani, ila yake ilikuwa juu ya ploti ya 50 kwa 100, na hati ipo. Aliitisha chini ya bango. Dada alipokuja Aprili, akatembea ua wote akihesabu hatua, akafungua kila bomba, akauliza jirani wa kushoto kama maji hukatika, kisha akataja bei yake, chini zaidi, kwa sauti ambayo mama yetu alikuwa akiitumia Soko la Kongowea. Mwenye nyumba alicheka. Walikutana katikati, karibu zaidi na dada.

Kutia sahihi kulichelewa, na si kwa sababu ya bei. Ilibainika mwenye nyumba alikuwa na deni la ada ya usimamizi wa mtaa, ya walinzi na taka na taa, lililolimbikizana tangu alipohamia Nakuru, na kamati ya mtaa ikasema deni linafuata nyumba. Dada akasema deni linafuata mtu. Wakili akaandika kifungu kwamba litakatwa kwenye malipo ya mwisho, kamati ikatoa barua, na mimi nikafungua jedwali nikaongeza safu.